Wodi Iliyokamilika

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga, bali kwa sababu jina lake jipya bado liko kwenye zabuni, na lile la zamani limeshafutwa kwenye mabango. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye maendeleo mengi sana. Tunajua ni mengi kwa kuwa tunayo wizara nzima ya kuyahesabu, Wizara ya Ukamilishaji, na Waziri wake, Mheshimiwa Ndalanda, hajawahi hata siku moja kutangaza kitu ambacho hakijakamilika.

Hapo nyuma wizara hiyo ilikuwa ikituma wahandisi saiti wakapime kuta kwa kamba. Utaratibu huo ulileta ugomvi mwingi. Wahandisi walirudi na matope kwenye viatu na habari za kuudhi. Ndipo Mheshimiwa Ndalanda alipobuni kipimo kipya, kisafi, kinachoweza kufanyika ofisini. Jengo likitumia nusu ya fedha yake, limefika nusu. Likitumia yote, limekwisha.

"Fedha haina uongo," alitueleza redioni. "Ukuta unaweza kuinama, unaweza kupata ufa, unaweza hata kusingiziwa. Lakini fedha ikiisha, imeisha. Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Tulikuwa tunasikiliza redio, na redio haina mahali pa kubishia.

Sasa, katika mji wetu mdogo wa Likawe alikuwepo mkandarasi aitwaye Mshamu Kitenge. Mshamu hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu mbele huko mtashawishika kumdhania hivyo. Alianza kwa kujenga vyoo vya shule na uzio wa soko, na vyote hivyo vimesimama mpaka leo. Tatizo lake lilikuwa dogo tu: fedha zake zote zililala kitanda kimoja. Akilipwa ya uzio, alinunulia saruji ya choo. Ya choo ikiingia, alilipa vibarua wa uzio. Mkewe, Zamoyoni, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na stendi, alimsema mara nyingi.

"Baba Fumo, fedha ya mwenye uzio si fedha ya mwenye choo. Zitenganishe."

"Zote ni za kazi," Mshamu alijibu. "Na kazi zote ni zangu."

Mambo yalikwenda hivyo, yakiyumba lakini hayaanguki, mpaka Mshamu aliposhinda zabuni ya kujenga wodi ya wazazi ya Likawe. Kwa miaka mingi wanawake wetu walikuwa wakijifungulia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbolea, kwa hiyo siku ya kutia saini mkataba walikuja kumpigia vigelegele. Mshamu alishika kifua, akasema watapata wodi ambayo hata wagonjwa wa mji mkuu wataionea wivu.

Malipo ya awali yaliingia. Kabla hajachimba hata shimo, alisikia kuna lori linauzwa kwa bei ya kutupa. Alijiambia kwamba wodi inahitaji mchanga, mchanga unahitaji lori, kwa hiyo lori ni sehemu ya wodi. Akalinunua, akalipaka rangi ya buluu.

Baada ya hapo akaja Bwana Kipalile, Afisa Ukamilishaji wa Wilaya, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Alikuja na ombi. Mheshimiwa Ndalanda alikuwa akijijengea nyumba ya mapumziko kilimani, palepale juu ya Likawe, na saruji ilikuwa imempungukia.

"Ni msaada wa kirafiki tu," alisema Kipalile. "Atarudisha."

Mshamu alipeleka saruji. Kisha zikatakiwa nondo. Kisha wakatakiwa mafundi, maana saruji na nondo haziwezi kujijenga zenyewe. Nyumba ya kilimani ikapata baraza, ikapata ghorofa, ikapata na baraza lingine la kutazamia baraza la kwanza. Chini huko wodi ikapata msingi, kuta za kufika kiunoni, na mlango. Mlango ulikuwepo kwa kuwa seremala alikuwa ameuleta mapema, wakausimamisha ili usiibwe.

Hapo fedha ikaisha.

Mshamu alivaa shati safi akaenda ofisini kwa Kipalile kuungama. Alikuwa amejiandaa kulia kidogo ikibidi, na kuomba aongezewe muda auze lori, amalize.

"Bwana Kipalile," alisema, "fedha imeisha."

Kipalile alisimama. "Yote?"

"Yote."

"Haikubaki hata ya rangi?"

"Hata ya misumari. Ndiyo maana nimekuja. Jengo lenyewe bado—"

Lakini Kipalile alikuwa ameshazunguka meza na kumkumbatia. Machozi yalimlengalenga. "Hongera, ndugu yangu! Wenzako wote wilaya hii wananiletea visingizio. Huyu mvua, huyu kokoto, huyu amebakiwa na fedha hajui aifanyie nini. Wewe peke yako umemaliza kabla ya muda!"

Mshamu alifungua mdomo. Aliona uso wa yule bwana ulivyong'aa kwa furaha, akaliona na lori lake la buluu nje ya dirisha. Akaufunga mdomo. Aibu yake ilianzia hapo, ingawa kwa wakati ule aliihisi kama nafuu.

Uzinduzi ulifana sana. Mheshimiwa Waziri alikata utepe, akafungua kufuli, akaingia kwa kupitia mlangoni. Wageni waalikwa wangeweza kuuruka ukuta, lakini walipanga foleni, wakapita mlangoni mmoja mmoja, na wa mwisho akaufunga nyuma yake.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, akiwa amevaa miwani ya jua kwa sababu ndani ya wodi kulikuwa na jua kali, "hii ni wodi yenye hewa safi na mwanga wa asili zaidi kuliko wodi yoyote katika ukanda huu! Wapo watakaouliza paa liko wapi. Hao ndio wasiopenda nchi yao. Mzalendo haanzi kutazama juu. Mzalendo anatazama mbele!"

Tulipiga makofi. Wanawake waliokuja na vigelegele siku ya mkataba walikuja tena, ila safari hii vigelegele vilitoka vichache na vyembamba, kama vya watu wanaojaribu viatu vya kuazima. Mshamu alivishwa nishani. Kisha ikatangazwa kwamba, kutokana na ufanisi wake, ameteuliwa kuwa Mkufunzi Mkuu wa Mafunzo ya Misingi ya Uhasibu na Usimamizi wa Miradi kwa Makandarasi, ili nchi nzima ichote ujuzi wake.

Ukiwa mkufunzi inabidi usome, jambo ambalo Mshamu hakuwa amewahi kulazimika kulifanya. Wizara ilimpa kitabu cha mafunzo. Kiliandikwa zamani na mtu ambaye kwa bahati mbaya alikuwa anaijua kazi yake, na kwa kuwa hakuna kiongozi aliyekifungua, hakuna aliyekirekebisha. Mshamu alisimama mbele ya ukumbi uliojaa makandarasi, akasoma kwa sauti.

"Kila kazi iwe na akaunti yake. Fedha ya kazi moja isivuke kwenda kazi nyingine."

Makandarasi waliandika.

"Malipo ya awali si faida. Ni deni la kazi ambayo bado hujaifanya."

Sauti ilianza kumpungua.

"Tenga akiba ya dharura kabla hujatenga chochote cha kwako. Na kila wiki pima kilichojengwa, ndipo ukilinganishe na kilichotumika. Usipime kimoja ukadhani umepima vyote viwili."

Hapo akaomba maji. Hakuna aliyekuwa amemtukana, hakuna aliyemnyooshea kidole, lakini alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kuvuliwa nguo mbele za watu kwa mikono yake mwenyewe, huku watu wakiandika jinsi ya kuvua.

Katika mstari wa mbele aliketi mkandarasi mwanamke kutoka wilaya ya jirani, Bi Havijawa Ndembo, mrefu, mkimya, aliyezoea kujenga makalavati. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi najenga zahanati. Nimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Fedha ya paa ninayo, nimeitunza, lakini Wizara inaniita mzembe kwa kuwa haijaisha. Wewe ulifanyaje, fedha na jengo vikaisha siku moja? Naomba utuonyeshe kwa hesabu za wodi yako mwenyewe. Tusijifunze za kitabuni tu."

Ukumbi mzima ulisema ndiyo, ndiyo, atuonyeshe.

Mshamu alichukua chaki. Aliandika *Wodi* juu ya ubao, akapiga mstari. Aliandika malipo ya awali. Chini yake aliandika *Usafiri*, na kiasi.

"Usafiri wa nini, mwalimu?" aliuliza Bi Havijawa.

"Wa mchanga."

"Wote huo? Mchanga ulikuwa unatoka nchi gani?"

Makandarasi waliangua kicheko. Walidhani ni mbinu ya mwalimu mahiri, kuwatega kwa kosa ili wachangamke. Mshamu naye alicheka. Kati ya yote yaliyompata, alisema, kicheko kile chake ndicho asichoweza kukisahau.

"Basi tukaione wodi yenyewe," alisema Bi Havijawa. "Pale tutaelewa."

Bwana Kipalile, aliyekuwa nyuma akisimamia chai na sambusa, alifurahi mno. Bajeti ilikuwa na kifungu cha ziara ya mafunzo, na kifungu hicho kilikuwa kinakera kwa kutoisha.

Walifika wodini manyunyu yakiwa yameanza. Makandarasi walishuka wakiwa wamevaa suti zao za kupokelea vyeti, wakasimama. Walikuwa watu wa ujenzi, hawakuhitaji maelezo. Mbele yao kulikuwa na mlango mzuri wa mninga, kuta za kufika kiunoni, na ndani ya kuta hizo vitanda vyenye wanawake, kila kitanda na jamaa mmoja aliyesimama pembeni ameshika mwavuli.

"Kwa nini msifunge hata turubai?" mmoja aliuliza.

"Hairuhusiwi," Kipalile alieleza kwa upole. "Turubai ni la majengo yanayoendelea. Hili limekamilika."

Mwanamke aliyekuwa kitanda cha mwisho alipiga kelele ya uchungu. Muuguzi, Nesi Tabu, alikuwa ameinama miguuni pake, maji ya mvua yakimchuruzika kwenye kofia. Aliinua kichwa akaona ukutani pamejaa vichwa vya wanaume.

"Nyie mnatazama nini?"

"Tumekuja kujifunza, sista," alisema Kipalile.

"Mnajifunza uzazi? Hebu vueni hayo makoti! Zungukeni hapa, mgongo kwangu, makoti juu! Na atakayegeuka nitamfunga bandeji ya macho!"

Makandarasi wa nchi nzima walivua makoti. Waliingia, wengine kwa mlango, wengine kwa kuuruka ukuta, wakazunguka kitanda bega kwa bega, makoti yameinuliwa, migongo imegeuzwa. Mshamu alikuwa kati yao. Mvua ilizidi. Mikono ilimchoka lakini hakuthubutu kuishusha. Nyuma yake alimsikia yule mwanamke akimwita mama yake, akimwita Mungu, akiomba apunguziwe baridi. Alimsikia Nesi Tabu akisema, sukuma, mwanangu, sukuma, wala usijali, hawa ni ukuta tu.

Mtoto alilia. Wanaume kadhaa walilia pia, bila kugeuka.

Baada ya muda sauti dhaifu ya mama iliuliza, "Sista, hawa watu ni nani?"

"Makandarasi."

"Aliyejenga hapa yumo?"

Bi Havijawa, aliyekuwa amemshika mama yule mkono muda wote, alimtazama Mshamu. Mshamu aliuficha uso kwenye koti lake lililolowa. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na hakulisema.

Bwana Kipalile aliandika kwenye ripoti yake: *Mafunzo kwa vitendo yamefanyika. Mada: kuta za muda.*

Wakati wa kuondoka Bi Havijawa alimngoja Mshamu nje.

"Ule usafiri," alisema.

"Ni lori."

"Na saruji?"

Mshamu aliinua kidevu kuelekea kilimani. Mabaraza ya Mheshimiwa yalikuwa yanang'aa kwa mvua.

Bi Havijawa hakupandisha sauti. "Nilikuwa nataka kuwa kama wewe. Niliuza ng'ombe wa mama yangu nikalipa ada ya kukusikiliza." Kisha akaenda kupanda gari.

Mshamu alikwenda nyumbani akamweleza Zamoyoni yote, hata la kujificha kwenye koti. Zamoyoni alikuwa akikunja vitambaa. Aliendelea kukunja mpaka mumewe alipomaliza.

"Unataka nikwambie pole?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi uza lori."

Lori likauzwa. Mafundi walikataa kurudi mpaka walipwe jasho lao la kilimani, na Mshamu akawalipa kwanza. Kilichobaki alikiweka mahali pake peke yake, akanunua tofali, mbao na mabati, na safari hii kila jioni alizunguka na kamba akapima kuta mwenyewe. Kuta zilipanda. Kenchi za kubeba paa zikawekwa. Mabati yakaanza kuezekwa kutoka upande wa mlangoni, na kila bati lilipopigiliwa, Nesi Tabu alisogeza kitanda chini yake. Likawe haikuwa imeona kazi nzuri kama ile. Wanawake waliwaletea mafundi uji. Mshamu mwenyewe hawakumletea, naye hakuuliza.

Bati la mwisho lilipopigiliwa, Bwana Kipalile alifika na polisi. Alikuwa ameumia kwelikweli.

"Mshamu, umenifanyia nini? Wodi ilikuwa asilimia mia! Sasa umeipeleka mia na arobaini! Watu watauliza, kama hii ndiyo wodi, ile tuliyozindua ilikuwa nini?"

Ilibainika kwamba kujenga jengo lililokwisha kukamilika ni kosa la jinai, kwa kuwa ni kuharibu takwimu za taifa. Lakini Kipalile hakuwa mtu wa roho mbaya. Siku moja kabla ya kesi alimtembelea mahabusu akamwonyesha njia.

"Sema ulikuwa unakarabati. Sema ulijenga wodi kamili, ukaja upepo mkali, ukaezua paa na kubomoa kuta, nawe kwa uzalendo ukarudishia. Utaachiwa. Paa litabaki. Na fungu la ukarabati lipo, utarudishiwa gharama na faida juu. Mheshimiwa amekubali. Hata nishani utaongezewa."

Mshamu alikaa na maneno hayo. Kusema kweli hayakuwa mabaya. Paa lingebaki. Wanawake wangekuwa wakavu. Alichotakiwa kutoa ni uongo mmoja, na alikuwa ameshautoa ule mkubwa zaidi kwa kufunga mdomo.

Mahakama ilijaa. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka kizimbani Mshamu aliwaona Zamoyoni, Nesi Tabu, na nyuma kabisa Bi Havijawa, aliyesafiri kutoka kwao.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "mahakama imeelezwa kwamba upepo mkali ulipita Likawe. Ni kweli?"

"Si kweli, mheshimiwa hakimu. Upepo haukupita. Nilipita mimi."

Karani aliandika.

"Sikuwahi kujenga ile wodi," Mshamu aliendelea. "Fedha ya wodi nilinunulia lori. Saruji na nondo nilizipeleka kilimani. Wanawake wamejifungua mvuani kwa sababu yangu. Nilikuwepo mmoja alipojifungua, akaniulizia, nikajificha."

Hakimu alimgeukia karani. "Usiandike." Kisha akavua miwani, akasema kwa huruma, "Mshtakiwa, unashtakiwa kwa kujenga. Usijitetee kwa kusema hukujenga. Mahakama hii haiwezi kumhukumu mtu kwa kutojenga jengo ambalo serikali imeshalizindua."

Hukumu ilikuwa fupi. Mshamu alifutiwa leseni ya ukandarasi. Na aliamriwa, kwa mikono yake mwenyewe, kuondoa kila kilichozidi, na kuirudisha wodi katika ukamilifu wake.

Nje ya mahakama Bi Havijawa alimpa mkono. Mshamu aliuona mkono ule kuwa mzito kupokea, lakini aliupokea.

Siku ya kutekeleza hukumu mawingu yalikuwa mazito. Polisi wawili walisimama mlangoni, Kipalile pembeni yao chini ya mwavuli. Watu wa Likawe tulikuja wengi. Hatukumpigia kelele. Hatukumrushia kitu. Hatukuwazuia polisi pia. Tulisimama tu, kila mmoja akijifanya amekuja kwa sababu ya mwenzake. Nesi Tabu alikuwa anagawa miavuli.

Mshamu aliegemeza ngazi upande wa mlangoni, akapanda na nyundo yake. Alichomeka ukucha wa nyundo chini ya msumari wa kwanza. Bati liligutuka, likapiga kelele kubwa, na mwanga mwembamba ukapenya ndani, ukaanguka juu ya kitanda.

"Wewe wa juu," sauti ya mwanamke iliita kutoka chini.

Mshamu alisimamisha mkono. "Naam."

"Samahani, baba. Sijui nani kakutuma, wala sikulaumu. Ila naomba hili lililo juu yangu uje ulitoe mwisho. Mtoto ndiyo kwanza amelala."

Mshamu hakuweza kutazama kwenye ule upenyo. Aliurudisha msumari mahali pake, polepole, kwa kuusukuma kwa kidole gumba ili nyundo isilie.

"Sawa, mama," alisema. Akashuka, akaibeba ngazi, akaenda kuanzia upande wa pili.